Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Picha za Setilaiti na Hali ya Mazingira Kwenye Migodi ya Makaa ya Mawe

Wanaoniuliza kuhusu jambo hili ni wa aina tatu: wanafunzi wanaoandika tasnifu, maofisa mazingira wa halmashauri, na watu wanaoishi jirani na mgodi. Majibu nimeyaandika nikiifikiria Ngaka, machimbo ya makaa ya mawe yaliyoko wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, kwa kuwa misitu ya miyombo na majira ya kusini ndivyo ninavyovifahamu. Pale ambapo Ngaka haitoshi kueleza jambo, nimekwenda Mpumalanga ya Afrika Kusini au Jharia ya India.

Setilaiti inaona nini hasa kwenye mgodi wa makaa?

Inaona mwanga na joto, basi. Jua linapiga ardhi, ardhi inarudisha sehemu ya mwanga huo angani, na kamera inapima kiasi kilichorudi katika kila rangi, zikiwemo rangi ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona. Jani zima lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi. Udongo mtupu hurudisha vyote viwili kwa kiasi cha kati. Lundo la makaa hunyonya karibu kila kitu, ndiyo maana huonekana jeusi tii.

Kwa hiyo shimo la mgodi wa wazi, malundo ya vifusi, barabara za malori, mabwawa na eneo la kuhifadhia makaa vinaonekana vizuri. Ila setilaiti haionji maji wala haijui nani alifanya nini. Ukishasema "uchafuzi" tayari umetafsiri, na tafsiri inahitaji ushahidi wake.

Kijijini kwetu hakuna aliyepima chochote kabla ya mgodi kuanza. Je, tumechelewa?

Hamjachelewa, na hili ndilo jibu ninalopenda kulitoa kuliko yote.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat, mfululizo wa setilaiti za Marekani, ilirushwa mwaka 1972. Landsat 5 ilifanya kazi kuanzia 1984 hadi 2013, miaka karibu 30, na tangu 2008 hazina yote ya Landsat imefunguliwa bure kwa kila mtu. Uchimbaji wa Ngaka ulianza mwaka 2011. Maana yake ni kwamba eneo lile likiwa bado msitu, mashamba na njia za miguu lilipigwa picha mara nyingi, na picha hizo zina tarehe. Hazikupigwa na mwanakijiji wala na mwekezaji. Zilipigwa na chombo kilichokuwa kinapita tu, bila kujua kwamba siku moja kutakuwa na ubishi.

Nimeona watu wakibishana kwa saa nzima kama bonde fulani lilikuwa na miti au halikuwa nayo. Mzee anakumbuka hivi, mwakilishi wa mradi ana karatasi inayosema vile. Picha ya Juni 2010 haitamaliza ubishi wote, lakini swali la kama miti ilikuwepo linapata jibu palepale.

Kuna mapengo ya kuyajua. Kwa sehemu kubwa ya Afrika, picha za Landsat za miaka ya 1990 ni chache, na unaweza kukaa miaka kadhaa bila kupata hata moja isiyo na mawingu. Landsat 7 iliharibika kifaa kimoja tarehe 31 Mei 2003, na tangu hapo kila picha yake ina michirizi mitupu inayokula takriban asilimia 22 ya eneo. Michirizi hiyo si moshi wala si kosa la kompyuta yako.

Na kwa wale wa bonde la Mui huko Kitui, Kenya, ambako makaa yaligunduliwa lakini migodi haijafunguliwa: nyinyi mna nafasi ambayo Ngaka hawakuwa nayo. Tengenezeni kumbukumbu ya hali ya sasa, msimu kwa msimu, na mtembelee vyanzo vya maji mkiwa na daftari.

Picha zinalipiwa?

Hizi ninazozizungumzia, hapana. Landsat (pikseli, yaani vimraba vinavyounda picha, ni za mita 30) na Sentinel-2 ya Ulaya (mita 10, kuanzia 2015) ni bure. Unajisajili kwa barua pepe tu. Picha za kampuni binafsi zinazoonesha hadi lori moja moja zinauzwa, na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi.

Mita 10 ni kitu gani ukilinganisha na shamba langu?

Pikseli moja ya Sentinel-2 ni mraba wa mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047, hivyo shamba la ekari moja ni pikseli kama 40. Kwa Landsat, ekari hiyohiyo ni pikseli nne na nusu, na zile za pembeni zimechanganyika na shamba la jirani, kichaka na njia. Usimwambie mtu shamba lake la nusu ekari limeharibika kwa kutumia Landsat. Kwa eneo la hekta mia ni sawa kabisa.

NDVI ni nini?

Ni kipimo cha ukijani. Chukua infraredi, toa nyekundu, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme pikseli ya msitu inarudisha 0.40 ya infraredi na 0.05 ya nyekundu: 0.35 gawanya kwa 0.45 ni 0.78. Udongo mtupu wenye 0.25 na 0.18 unatoa 0.16.

Sasa tazama lundo la makaa lenye 0.05 na 0.04. Jibu ni 0.11. Infraredi ikipanda kidogo tu mpaka 0.06, jibu linaruka hadi 0.20, ingawa hakuna hata jani moja lililoota. Namba ndogo zikigawanywa kwa namba ndogo huyumba. Juu ya makaa na ndani ya kivuli cha shimo, usiiamini NDVI.

Nimelinganisha picha ya Juni na ya Oktoba, na ukijani umeanguka vibaya kuzunguka mgodi. Je, ni mgodi?

Hapa nina jambo la kukiri. Ramani yangu ya kwanza ya eneo la kusini ilikuwa na kosa hilihili. Mwaka wa kwanza nilikuwa na picha safi ya Juni, mwaka wa pili nikapata ya mwanzo wa Oktoba, nikazilinganisha, na ramani ikageuka nyekundu yote. Nilikuwa tayari nimeandika kichwa cha ripoti. Nikavuta ramani mpaka msitu ulioko kilomita 30 kutoka mgodini, ambako hakuna hata trekta, na huko nako kulikuwa nyekundu vilevile.

Miyombo hupukutisha majani kiangazi. Kuanzia Julai moto wa nyika hupita chini ya miti na kuacha ardhi nyeusi. Kisha, kabla hata mvua haijanyesha, mwezi wa tisa au wa kumi, miti huchipua majani machanga yenye rangi nyekundu ya shaba. Ukisimama kwenye kilima wakati huo unaona msitu mzima umewaka kama machweo, na kwa setilaiti majani yale bado hayajawa kijani. Mvua zikianza Novemba, kila kitu kinafunga tena. Huo ndio mdundo wa mwaka wa msitu ule, na mgodi uwepo usiwepo, utaendelea.

Ongeza shughuli za watu. Katika milima ya Umatengo wakulima huchimba ngoro, vile vishimo vinavyozuia mmomonyoko kwenye miteremko, na shamba la ngoro lililoandaliwa karibuni litasomeka kama udongo mtupu. Tanuri za mkaa wa kuni nazo huacha madoa. Yote haya yapo jirani na makaa ya mawe, na setilaiti haitenganishi mkaa na makaa.

Kwa hiyo linganisha mwezi na mwezi uleule. Mimi napendelea mwishoni mwa Mei hadi Julai mwanzoni: mawingu yameondoka, majani bado yapo, moto haujashika. Na kila mara weka eneo la kulinganishia, lenye msitu na udongo wa aina ileile, mbali na mgodi. Kinachobaki baada ya kuondoa mabadiliko ya eneo hilo ndicho unachoweza kuanza kuuulizia mgodi.

Mwalimu wangu anataka nitumie RSEI. Ni nini, na inafaa kwetu?

Mwaka 2013 mtafiti wa China, Xu Hanqiu, alipendekeza fahirisi inayounganisha mambo manne yanayosomeka kwenye picha: ukijani, unyevu, ukavu (udongo mtupu na majengo), na joto la uso wa ardhi. Badala ya mtu kuamua ukijani una uzito gani na joto uzito gani, hesabu ya takwimu hutafuta mwelekeo ambao mambo yote manne hubadilika pamoja kwa nguvu zaidi, na uzito hutoka humo. Matokeo huwekwa kati ya 0 na 1, kisha hugawanywa madaraja matano ya 0.2 kila moja, kutoka mbaya hadi bora. Imetumika sana kwenye maeneo ya makaa ya China.

Faida yake ni kwamba kwa mtazamo mmoja unaona wapi pana hali gani. Shida zake ni mbili. Ya kwanza, ukiipima kila picha kwa kiwango chake yenyewe cha chini na cha juu, 0.6 ya mwaka 2014 si 0.6 ya mwaka 2024. Tumia kiwango kimoja kwa miaka yote. Ya pili ni ya huku kwetu: msitu wa miyombo wa Septemba, uliopukutisha majani, wenye joto na ukavu, utapewa daraja la chini karibu sawa na kifusi cha mgodi, wakati ni msitu mzima unaopumzika.

Msimamo wangu ni huu: itumie kwenye tasnifu, lakini usiende kijijini na RSEI peke yake. Mtu akikuuliza kwa nini eneo lake limepata 0.43, lazima uweze kumwonesha ukijani wake, unyevu wake na joto lake, kila kimoja kwa ramani yake.

RSEI yangu inaonesha shimo la mgodi kuwa eneo "bora". Nimekosea wapi?

Mara nyingi alama imegeuka. Hesabu ile ya takwimu haijui kipi ni kizuri na kipi kibaya. Inaweza kutoa jibu ambalo ukavu na joto ndivyo vyenye alama ya jumlisha. Angalia: ukijani na unyevu viwe upande mmoja, ukavu na joto upande wa pili, na ukijani uwe chanya. Kama alama zimegeuka, toa jibu lako kutoka 1.

Sababu nyingine ni maji. Hukuyafuta mabwawa kabla ya kukokotoa, yakavuta kipimo cha unyevu juu. Na ukitumia programu ifute maji yenyewe, kagua kwa macho, kwa sababu makaa meusi na maji ya kina hufanana mno kwenye picha. Nimeona lundo la makaa likihesabiwa kuwa bwawa.

Kwa nini NDVI yangu ya Sentinel-2 imeshuka kila mahali kuanzia 2022?

Hakuna janga. Tarehe 25 Januari 2022 watayarishaji wa picha za Sentinel-2 walibadilisha namna ya kuandika namba: kila thamani iliongezewa 1,000, ambayo ni sawa na 0.10. Usipoitoa, ile pikseli yetu ya msitu yenye 0.40 na 0.05 inasomeka 0.50 na 0.15, na NDVI inashuka kutoka 0.78 hadi 0.54. Mti uleule, majani yaleyale. Toa 1,000 kwenye picha za baada ya tarehe hiyo, au kama unatumia Google Earth Engine chagua mkusanyiko ambao jina lake linasema umeshasawazishwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu ni aina ya kosa linaloweza kumtuhumu mtu asiye na hatia. Mgodi uliopanuka mwaka huohuo utaonekana umeua msitu wa wilaya nzima.

Vumbi la malori linaonekana?

Kwa sehemu. Barabara ya vumbi inayopitisha malori ya makaa mchana na usiku huonekana inapanuka, na ukanda wa mimea kandokando yake hupoteza mng'aro wa infraredi. Ukisimama hapo mwezi wa nane, pitisha kidole juu ya jani la mgomba lililo hatua tano kutoka barabarani. Kidole kinatoka na unga wa kijivu uliochanganyika na wekundu wa udongo, na nyuma yake kunabaki mstari wa kijani safi. Mvua ya kwanza inaosha yote, na setilaiti nayo inaona ukijani umepanda ghafla. Ukitaka kupima ukanda huo, tumia Sentinel-2, kata vipande vya mita 0 hadi 50, 50 hadi 100, na kuendelea hadi 500 kutoka barabarani, kisha linganisha. Vumbi linaloingia kifuani mwa mtoto halipimwi hivyo. Hilo linataka kifaa cha kupima hewa kilichofungwa pale kijijini.

Maji ya mto yamebadilika rangi. Setilaiti inaweza kuthibitisha asidi?

Haiwezi kupima asidi. Kwenye makaa mengi kuna madini ya salfa na chuma yaitwayo pairaiti. Yakifukuliwa na kukutana na hewa na maji hutengeneza asidi, na chuma kinachoyeyuka humo hujitenga baadaye kama tope la rangi ya chungwa. Mpumalanga wana historia ndefu na maji ya namna hii yakielekea mto Olifants. Tope la chungwa likiwa pana vya kutosha, setilaiti inaweza kuliona kama rangi. Mto wenye upana wa mita tano, uliofunikwa na miti, haiuoni.

Machimbo ya Ngaka yako katika bonde la Ruhuhu, mto unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa, kwa hiyo swali la maji halihusu kijiji kimoja tu. Tumia picha kuchagua pa kuchota sampuli: juu ya mgodi, chini yake, na kwenye kijito jirani kisichopita mgodini. Kisha peleka chupa maabara.

Na hewa?

Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, hupima naitrojeni dayoksaidi, salfa dayoksaidi na methani. Pikseli yake ni kilomita 5.5 kwa 3.5 (ya methani ni kubwa zaidi), kijiji kizima na mashamba yake kinaweza kuingia ndani ya moja. Doa la Mpumalanga linaonekana wazi kwa sababu vituo vingi vya umeme vinachoma makaa pale, kuzunguka mji ambao jina lake sasa ni eMalahleni, yaani mahali penye makaa. Ngaka wanachimba na kusafirisha, hawachomi kwa kiwango hicho. Usitarajie doa la namna ile.

Moto unaowaka chini ya ardhi?

Jharia, katika jimbo la Jharkhand, moto wa makaa unajulikana tangu 1916 na bado unawaka. Kipimo cha joto cha Landsat huweza kuonesha ardhi iliyo na joto kuliko jirani zake, na picha za usiku ni bora zaidi kwa sababu jua halichanganyi mambo. Huku kwetu tahadhari: alama nyekundu za moto zinazotolewa na mfumo wa NASA uitwao FIRMS, zikijaa kuzunguka mgodi mwezi wa tisa, karibu zote ni moto wa nyika. Alama inayorudi mahali palepale katikati ya masika ndiyo ya kuifuatilia.

Je, migodi ya chini ya ardhi kama Kiwira?

Shimo huwezi kuliona, lakini ardhi inaweza kutitia. Rada ya Sentinel-1 hulinganisha mawimbi ya safari moja na nyingine na kugundua mtelemko wa milimita. Inafanya kazi vizuri kwenye ardhi tupu na mapaa ya nyumba. Penye migomba na misitu minene kama nyanda za juu za Mbeya na Songwe, majani hutikisika na kipimo huvurugika. Anza na mapaa na barabara.

Kampuni ikipanda miti na ukijani ukarudi, eneo limepona?

Ukijani hurudi upesi kuliko msitu. Nyasi za msimu mmoja zinatosha kuipandisha NDVI, na mikaratusi ya miaka michache huipandisha zaidi. Badala ya kutazama namba moja, chora mstari wa mwaka mzima, kila mwezi nukta moja. Miyombo hupanda na mvua, hushuka Agosti, hupanda tena kuelekea mvua. Mikaratusi hukaa kijani mwaka mzima na mstari wake umelala. Nyasi hupanda haraka na kufa haraka. Ukiona mstari wa eneo lililofukiwa unaanza kufanana na wa msitu wa jirani, mwaka hata mwaka, hapo una sababu ya kufurahi. Mstari uliolala unakuambia kuna miti, lakini si ile iliyokuwepo, na mfugaji wa nyuki atakuambia hivyohivyo bila setilaiti.

Nikipeleka malalamiko, picha zitasikilizwa?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ndiyo yenye kazi ya kufuatilia. Picha inayoweza kuhakikiwa na mtu mwingine ina uzito kuliko picha iliyokatwa kwenye skrini ya simu. Andika jina kamili la faili. Ndani yake kuna setilaiti na tarehe, na kwa Sentinel-2 saa pia. Saa hiyo ni ya kimataifa, ongeza saa tatu upate ya Afrika Mashariki. Eleza ulichofanya hatua kwa hatua, taja eneo la kulinganishia, na ambatanisha picha za simu zilizopigwa ardhini zenye GPS. Andika pia unachoshindwa kuthibitisha. Ofisa atakayekagua atakuamini zaidi akikuta umeshayataja mwenyewe.

Nina simu tu, sina kompyuta. Nianzie wapi?

Fungua Copernicus Browser kwenye simu, tafuta Mbinga, chagua Sentinel-2, shusha kiwango cha mawingu, na weka tarehe ya Juni. Tafuta mgodi kwa macho: madoa meusi na kijivu yenye barabara zinazokutana. Hifadhi picha, andika tarehe kwenye daftari. Rudi nyuma Juni kwa Juni mpaka 2016. Ukifika hapo hamia Landsat, uendelee 2013, 2011, 2010. Ukikuta mwaka ambao shimo halipo, na mahali pake pana miti na njia nyembamba ya miguu, simama hapo. Nakili jina la faili hiyo lote, herufi kwa herufi, na umpe mwenyekiti wa kijiji nakala aihifadhi.